Gari la Moshi: Moto Ukishika Stesheni, Uko na Dakika Ngapi za Kutoka?

Wacha tuanze na swali moja, na usijibu haraka. Mara ya mwisho ulipanda treni, iwe ile ya asubuhi kutoka Syokimau kuingia tao ama Madaraka Express ya kwenda Mombasa, uliona mlango wa dharura uko wapi? Si ule uliingilia. Ule mwingine.

Kama huna jibu, tuliza boli, hauko peke yako. Wasee wengi wakifika stesheni wanaangalia vitu tatu: saa, simu, na kama kuna kiti. Moto ndio kitu ya mwisho kwa akili. Na enyewe, sio kazi yako kuchora ramani ya kutoroka kila asubuhi ukienda job. Hiyo ni kazi ya aliyejenga stesheni, aliyeikagua na aliyeandika sheria. Ndio maana leo tunaongea kuhusu kitu inaboesha hadi ukisikia jina unataka kulala: kanuni za ujenzi. Vumilia kidogo, juu hii story inakuhusu kuliko unavyodhani.

Primary tulifunzwa treni inaitwa gari la moshi. Jina lilitoka kwa zile injini za zamani za kuchoma makaa. Siku hizi tuko na dizeli, na jina limebaki la insha tu. Lakini ukifuatilia moto za reli zilizotokea kwa nchi za watu, hilo jina linarudi na maana ingine mbaya. Mara nyingi moshi ndio humaliza watu kabla moto wenyewe uwafikie. Na moshi hauna huruma na mtu anayetafuta mlango.

Usiseme hizo ni za majuu

Tarehe 7 Agosti 2013, kabla kupambazuke vizuri, moto ulishika JKIA. Ukumbi wa abiria wa kimataifa wanaowasili ukateketea, ndege zikaelekezwa viwanja vingine, na kwa muda wasafiri wakawa wanahudumiwa kwa mahema. Huo ndio uwanja mkubwa kuliko zote Kenya, mlango wa nchi, na ulichomeka watu wakiangalia. Hakuna mtu alikufa. Ilikuwa alfajiri. Sasa jiulize ingekuwa saa ile ndege nne zimetua pamoja na line ya passport imejaa hadi nyuma.

JKIA ilitufunza kwamba jengo la usafiri linaweza kuungua hapa Kenya, si Netflix. Na uwanja wa ndege una faida moja: unajua ni watu wangapi wanashuka na saa ngapi. Stesheni ya treni ya commuter haina hiyo raha. Saa kumi na mbili na nusu jioni watu wanamiminika tu.

Na reli inakua. Stesheni ya Syokimau ilifunguliwa 2012. SGR ikaanza kubeba abiria Nairobi hadi Mombasa mwaka 2017, ikafika Naivasha 2019. Treni za commuter za dizeli zilizonunuliwa kutoka Uhispania zikaanza kuingia 2020. Kuna mpango wa Railway City pale Central Station, mtaa mzima mpya wa majengo kuzunguka reli. Kuna mpango wa kusukuma SGR hadi Malaba. Kwa maneno mengine, zile stesheni utatumia ukiwa na miaka 40, mingi yazo bado ni mchoro. Huu ndio wakati wa kuuliza maswali, kabla zege imwagwe.

Kwani stesheni si jengo tu kama zingine?

Hapa ndio point yenyewe. Kanuni za ujenzi za kawaida zinafikiria jengo kama nyumba, ofisi ama mall. Zinahesabu vyumba, ngazi, korido na milango. Zinajua kwa ofisi ya watu 200, hao watu 200 wanakuja mmoja mmoja na wanaijua hiyo ofisi vizuri.

Stesheni ni mnyama mwingine, na kuna sababu nne.

Ya kwanza, watu wanafika kwa mkupuo. Dakika moja jukwaa liko tupu, dakika inayofuata treni imefungua milango na watu mamia wamemwagika pamoja. Hakuna mall inajaa kwa sekunde 30.

Ya pili, moto unaweza kuja na magurudumu. Nyumba ikiungua, moto uko pale pale. Kwa reli, behewa linaweza kushika moto kilomita tano kutoka hapo, kisha dere alete hiyo shida yote hadi kwa jukwaa lenye watu wanangoja. Jengo lenyewe linaweza kuwa safi kabisa na bado likawa kaburi.

Ya tatu, abiria wengi hawajui mahali wako. Mgeni ametoka ocha, mtoto amebebwa, mzee na fimbo, msee na mzigo wa Gikomba. Mtu akipata mshtuko hukimbilia mlango alioingilia, hata kama huko ndiko moto uko.

Ya nne, na hii ni ya kwetu sana, stesheni zetu zimepangwa kwa kuingia. Umeenda SGR, unajua vile inaenda. Unalaza bag chini, mbwa inapita ikinusa, unapanga line, mashine inakagua, tiketi inasomwa, kitambulisho kinaangaliwa. Hiyo ni sawa, usalama ni usalama. Lakini kila kizuizi kinachochuja watu wakiingia kinaweza kuwabana wakitoka mbio. Kwa hivyo lazima mtu akae chini afanye hesabu: hivi vizuizi vikifunguka vyote, watu wote watakuwa nje kwa dakika ngapi?

Hiyo hesabu ishafanywa

Habari njema ni kwamba hatuhitaji kuvumbua kitu. Marekani kuna kiwango kinaitwa NFPA 130, kilichotungwa na shirika la National Fire Protection Association kwa ajili ya treni za abiria na stesheni zao peke yake. Toleo la kwanza lilitoka 1983. Miaka minne kabla, Januari 1979, treni ya BART ilikuwa imeshika moto ndani ya njia inayopita chini ya bahari pale San Francisco, na mzima moto mmoja akafariki.

Ndani ya hicho kiwango kuna namba mbili unafaa kuzishika kama PIN ya M-Pesa: 4 na 6. Watu wote walio kwa jukwaa lazima waweze kutoka kwa hilo jukwaa ndani ya dakika 4. Na yule aliye mbali kabisa na mlango lazima awe amefika mahali salama ndani ya dakika 6.

Na hizo dakika hazihesabiwi na stesheni tupu Jumapili asubuhi. Zinahesabiwa na saa za msongamano, tena ikichukuliwa kwamba treni imechelewa na watu wamejazana wakingoja. Kama kuna ngazi za umeme, mchoraji anaambiwa achukulie moja yazo imeharibika. Yaani kiwango kinamwambia injinia: panga na siku mbaya, usipange na siku ya picha.

Kwa mahandaki pia kuna namba. NFPA 130 inataka milango ya kutokea nje isiachane zaidi ya mita 762. Kama ni mahandaki mawili yanayoenda sambamba, mapito ya kuvuka kutoka moja hadi lingine yasiachane zaidi ya mita 244. Ulaya wao wanataka, kwa handaki linalozidi kilomita 1, njia ya kutoka nje kila mita 1,000 ama mapito ya kuvuka kila mita 500.

Hizo mita zina maana gani kwako? Handaki la Ngong kwa SGR ya Naivasha lina urefu wa kilomita 4.5. Chukua handaki lolote la urefu huo. Treni ikikwama katikati kabisa, kutoka hapo hadi mwisho ni mita 2,250. Mtu mzima akitembea mita 60 kwa dakika, bila giza, bila mzigo, bila mtoto, anachukua karibu dakika 38. Na hiyo ni kama hakuna moshi. Ndio maana viwango vinasisitiza milango ya katikati, taa za dharura, feni za kusukuma moshi upande mmoja, na mawasiliano yanayofanya kazi huko ndani. Hesabu ndogo tu, lakini lazima mtu alazimishwe kuifanya na kuiweka kwa karatasi.

Kila sheria ina mazishi yake

Ukisoma viwango hivi utadhani viliandikwa na watu waoga. Hapana. Karibu kila mstari una msiba nyuma yake.

London, 18 Novemba 1987, stesheni ya King's Cross. Jioni, watu wanatoka job. Njiti ya kiberiti inaanguka chini ya ngazi ya umeme iliyotengenezwa kwa mbao. Huko chini kumejaa grisi na takataka za miaka. Mwanzoni moto unaonekana mdogo sana, hadi watu wanaendelea kupita. Halafu ghafla unalipuka na kupanda hadi ukumbi wa tiketi. Watu 31 walifariki, mmoja wao mzima moto. Na cheki hii: kuvuta sigara kwa stesheni za chini ya ardhi kulikuwa kumeshapigwa marufuku tangu 1985. Sheria ilikuwepo, lakini wasee walikuwa wanawasha wakiwa njiani kutoka.

Uchunguzi ukatoa mapendekezo 157, na 1989 Uingereza ikatunga kanuni maalum za moto kwa stesheni za chini ya ardhi. Haikusema tu "hizi ni majengo kama mengine". Ngazi za mbao zikaanza kung'olewa, lakini ya mwisho kwa mtandao wa London iliondolewa 2014, miaka 27 baada ya msiba. Hiyo ndio bei ya kurekebisha kitu kilichojengwa vibaya: unalipa pole pole na unalipa muda mrefu.

Daegu, Korea Kusini, 18 Februari 2003. Mwanaume anawasha kioevu kinachoshika moto ndani ya treni iliyosimama stesheni. Viti na sakafu ni vya vitu vinavyoungua haraka, moto unaenea dakika chache. Kisha treni ya pili inaingia na kusimama kando yake. Umeme unakatika. Dere wa hiyo ya pili anatoroka na ufunguo mkuu, milango inabaki imefungwa. Watu 192 walifariki, na wengi wao walikuwa kwa hiyo treni ya pili, si ile iliyowashwa. Soma hiyo sentensi tena. Baada ya hapo Korea ilibadilisha ndani ya treni zake, viti na vitu vingine vikawekwa vya kutoshika moto.

Kaprun, Austria, 11 Novemba 2000. Treni ya kupanda mlima inashika moto ndani ya handaki, chanzo kikiwa hita ya feni. Watu 155 wanafariki. Kutoka kwa hiyo treni walipona 12 tu, wale waliovunja dirisha na kukimbia kuelekea chini, wakiupita moto. Wengi waliokimbia juu walifuatwa na moshi, juu handaki la mteremko hufanya kazi kama bomba la jiko. Nani anakwambia hiyo ukiwa kwa giza?

Na usidhani Afrika tumeponea. Misri, 20 Februari 2002, treni ya usiku kutoka Cairo kwenda kusini, watu wanarudi nyumbani kwa Idi. Moto unaanza kwa behewa, jiko la gesi la kupikia likitajwa kuwa chanzo. Dere hajui, anaendelea kuendesha huku mabehewa nyuma yakiwaka. Madirisha yana vyuma. Kwa hesabu rasmi zaidi ya watu 360 walifariki.

Umeona kitu kinachojirudia? Chanzo ni kidogo kila mara: kiberiti, hita, jiko, chupa. Kinachogeuza kitu kidogo kuwa mamia ya majeneza ni jengo na behewa. Ngazi ya mbao, kiti kinachowaka, mlango usiofunguka, dirisha lenye vyuma, dere asiye na mawasiliano. Hizo zote ni maamuzi yaliyofanywa miaka mingi kabla, ofisini, na mtu akiwa na kalamu na chai.

Sisi tuko wapi?

Kwa miaka mingi Kenya ilikuwa inajenga kwa kanuni za 1968. Yaani ghorofa za Kilimani zilikuwa zinapimwa na sheria ya wakati babu yako alikuwa kijana. Hatimaye National Building Code ya 2024 ikachapishwa, na ikaanza kufanya kazi tarehe 1 Machi 2025. Hiyo ni hatua kubwa, hakuna kubisha.

Sasa angalia reli yenyewe. Line ya zamani ilijengwa na Mwingereza zaidi ya karne moja iliyopita. SGR ilijengwa na Wachina kwa viwango vya reli vya China. Treni za commuter zilikuja zimetumika kutoka Uhispania. Kesho Railway City inaweza kuja na wachoraji wa Uingereza, na keshokutwa mkopo mwingine uje na kontrakta mwingine na kitabu chake kingine cha viwango.

Si ati viwango vya China ni vibaya, ama vya Ulaya ni vizuri zaidi. China ina reli nyingi sana kutuliko, wanajua kazi. Shida ni hii: kila mwenye pesa anakuja na kipimo chake, na sisi wenye stesheni hatuna kipimo chetu tunachoweka mezani. Ni kama fundi wa nguo akuje na futi yake mwenyewe, apime, ashone, kisha akwambie suti imekutosha juu futi yake imesema hivyo.

Ndio maana hoja yetu ni moja tu: kiwango cha usalama wa moto kwa reli za abiria kinafaa kuingia kwa kanuni za ujenzi za Kenya kwa jina na kwa namba. Dakika za kutoka jukwaani. Dakika za kufika mahali salama. Umbali wa milango ya handaki. Vifaa gani haviruhusiwi kwa ukuta, dari na kiti. Nani anakagua, kila baada ya muda gani, na ripoti inawekwa wapi. Ikishakuwa sheria, haijalishi pesa imetoka Beijing, London ama Washington. Anayejenga hapa anajenga kwa kipimo cha hapa.

Na hatutakuwa wa kwanza. California waliweka sehemu ya reli za abiria ndani ya kanuni zao za ujenzi. India walipoandika upya National Building Code yao mwaka 2016, waliingiza masharti ya moto kwa stesheni za metro. India ni nchi yenye treni zimejaa, bajeti ngumu na sheria za zamani za mkoloni. Kama hiyo haikukumbushi mahali unapojua, sijui nikwambie nini.

"Lakini sisi hatuna metro"

Kuna msee atasema: stesheni zetu nyingi ziko wazi, hakuna za chini ya ardhi, moshi unapanda juu unaenda zake. Mbona tujibebeshe gharama?

Hilo ni swali la maana na lina jibu. Viwango hivi vyenyewe vinatofautisha stesheni iliyo wazi na iliyofungwa. Kama jukwaa liko wazi na moshi unaweza kuondoka wenyewe, haulazimishwi kuweka mafeni makubwa ya mamilioni. Kwa stesheni ndogo ya wazi, kazi kubwa ni kuhakikisha kuna zaidi ya njia moja ya kutoka, njia hazijazibwa, na reli inaweza kuvukwa kwa usalama ikibidi. Hiyo ni gharama ya geti na mtu mwenye ufunguo.

Pesa nyingi inaanza pale stesheni inafunikwa. Na huko ndiko tunaelekea. Ukijenga maduka, ofisi na hoteli juu na kando ya reli, ile stesheni iliyokuwa wazi inapata dari. Moshi uliokuwa unaenda mbinguni sasa unaenda food court. Kama sheria haijasema kitu siku ya mchoro, itakuja kusema jengo likiwa limesimama, na hapo ndio utaona bei. Uliza London na ngazi zake.

Kuna hoja ingine nzito zaidi: Kenya haina shida ya sheria, iko na shida ya kuzifuata. Hapo siwezi bishana. Machi 2001, pale Kyanguli, wanafunzi 67 walifariki kwa moto wa bweni. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Septemba 2024, Hillside Endarasha, watoto 21. Kati ya hizo mbili kuna miaka 23 ya ripoti na ahadi.

Na hata sasa sheria za moto mahali pa kazi ziko. Kanuni za Fire Risk Reduction za 2007 zinataka mazoezi ya kutoka wakati wa moto angalau mara moja kwa mwaka, na ukaguzi wa moto kila mwaka. Stesheni pia ni mahali pa kazi. Kuna karani wa tiketi, mlinzi, mama wa usafi. Kwa hivyo hilo zoezi si hisani.

Lakini angalia tofauti kati ya sheria yenye namba na isiyo na namba. Sheria ikisema "jengo liwe na njia za kutosha za kutoka", kila mtu ana maana yake ya "kutosha". Kontrakta ana yake, mkaguzi ana yake, na mwenye bahasha ana yake. Sheria ikisema "dakika 4", unachukua saa, unajaza watu kwa jukwaa, unapiga king'ora na unahesabu. Imefika ama haijafika. Hiyo ni ngumu kuhonga, juu hata wewe na simu yako unaweza kupima. Namba haimalizi ufisadi, lakini inautoa kwa giza.

Wewe unaweza fanya nini?

Hii sio ile article ya kukuacha na stress halafu tunakutakia siku njema. Kuna vitu ziko kwa mkono wako.

Moja, ukifika stesheni tumia sekunde tano. Tafuta njia ya pili ya kutoka. Ukiingia kwa behewa angalia mlango wa karibu unafunguliwa aje na mtungi wa kuzima moto uko wapi. Ukiona mlango wa dharura umepigwa kufuli, piga picha, uliza mlinzi, ipeleke kwa wahusika. Na wewe msee wa kubeba petroli kwa jerrican ndani ya treni ama mtungi wa gesi kwa gunia, wacha. Misri ishakuonyesha.

Mbili, uliza kwa maandishi. Katiba, kifungu cha 35, inakupa haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Access to Information ya 2016 inataka ofisi ya umma ikujibu ndani ya siku 21, na kama ni jambo linalogusa uhai wa mtu, ndani ya saa 48. Barua yako inaweza kuwa na mistari mitatu tu: Stesheni hii ilijengwa kwa kiwango gani cha usalama wa moto? Zoezi la mwisho la kutoka lilifanywa lini na lilichukua dakika ngapi? Ripoti ya mwisho ya ukaguzi inasema nini? Wakikunyamazia, unaenda kwa Ombudsman. Haulipi wakili.

Tatu, siku wataita watu kutoa maoni kuhusu mradi wa reli, usiache wazee wa blazer peke yao huko mbele. Nenda, shika maikrofoni, uliza swali moja: dakika ngapi? Usikubali "tumezingatia viwango vya kimataifa". Viwango gani, vya nani, ukurasa upi? Kimataifa si jina la kitabu.

Nne, tusiwasahau wazima moto. Hata stesheni nzuri inahitaji gari la county lifike, lipate maji, lipate geti limefunguliwa, na kikosi kiwe kimewahi kutembea ndani ya hilo jengo kabla ya siku yenyewe. King's Cross iliua mzima moto. San Francisco iliua mzima moto. Hao ndio wanaingia wakati sisi tunatoka, na wanafaa kuwa mezani wakati mchoro unapitishwa, si kuitwa tu wakati moshi umeonekana Twitter.

Reli ni kitu poa. Inatutoa kwa jam ya Mombasa Road, inatuokolea ganji na masaa, na mji kama Nairobi hauwezi kusonga bila hiyo. Hatuandiki hii ndio uogope kupanda. Panda. Lakini ukisimama pale jukwaani kesho asubuhi, kabla treni ifike, angalia nyuma yako, hesabu watu, angalia geti, kisha jifanyie hesabu mwenyewe. Dakika nne. Tutatoshea?

Kama jibu ni ndio, safi. Kama hujui, basi kuna mtu ofisini anafaa kujua, na anafaa kuwa ameliandika mahali. Jina la gari la moshi libaki kwa insha za primary, pale pale lilipo.